Mashine Iliyofunikwa Pagne

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu, siku yangu ya kwanza kusimamia kompyuta ya maabara ya shaba, skrini zote ziliandika kwamba diski imejaa. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Hadi Ijumaa iliyotangulia nilikuwa mtunza ghala. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu kimoja cha Kifaransa.

Diski yetu ilikuwa kubwa kama sanduku la nguo, na ilibeba kidogo kuliko simu mnazotia mfukoni leo. Bila nafasi, maabara haikuweza kutoa hati za usafi wa shaba. Bila hati, mabehewa hayaondoki.

Chef de service, mkuu wetu wa idara, mtu mrefu wa suti ya abacost iliyonyooshwa vizuri, alikuja na karatasi ya kuagizia mkononi, akaniita raia kama ilivyokuwa desturi enzi hizo.

"Citoyen, mawago inangoja ku gare. Kama saa sita hati hayiyatoka, nitasaini hii bon ya diski mupya ya Ulaya, na weye utarudia ku magasin yako kuhesabia misumari."

Nikaanza kwa utaratibu. Amri ya du hupima faili. Df huiuliza diski yenyewe imebaki na nafasi gani. Kwa du nikaona faili moja nene ajabu. Printa iliishiwa karatasi tangu Ijumaa, na programu ya hati ilikuwa ikiandika humo lalamiko lilelile kila sekunde. Nikaifuta kwa rm, nikamwita Chef. Tukatazama df. Diski imejaa vilevile.

"Hii njo kufuta?" Chef akauliza.

"Nilifuta, Chef. Faili haiko tena."

"Faili haiko, na nafasi nayo haiko! Nani anaikalia?"

Alikuwa ananicheka, lakini swali lilikuwa sahihi. Amri ya rm huondoa jina la faili tu. Programu ikiwa bado imeishika, diski haiachii nafasi. Nikaiuliza mashine nani yumo kazini. Ikajibu: Ngoie, kituo cha nne.

Citoyenne Ngoie, karani wa hati, alikuwa likizo kwao Mitwaba tangu Ijumaa jioni.

Kituo chake, skrini na kibodi, kilikuwa kimefunikwa pagne, kitenge chake cha kujifunga. Wote tulifunika skrini hivyo, kwa ajili ya vumbi la tanuru, na kwa kuwa kuingia upya kulichukua muda, wengi walifunika bila kufunga programu. Nikapitisha mkono chini ya kitambaa. Moto.

Nikafunga programu, nikarudi kwenye df. Theluthi ya diski ilikuwa wazi. Tukatia karatasi, na saa tano na nusu hati ya kwanza ikatoka.

Ngoie aliporudi alisimama mlangoni mwangu. "Papa, miye niko likizo, weye unafunula pagne yangu?"

"Mama, ilikuwa na moto."

Alicheka hadi akashika meza. Tangu siku hiyo tulifunga kwanza, ndipo tukafunika.

Sikurudi ghalani. Nilistaafu nikiwa palepale maabara, na jambo ninalolishukuru zaidi ni joto lile chini ya kiganja changu. Bon ya diski Chef alinipa siku ileile, bila saini. Ninayo bado. Chini kabisa bei imeandikwa kwa mashine: franka za Ubelgiji laki nne na elfu themanini.