Tangazo la Maji

Jumatatu ile nilikuwa na tangazo moja tu: mwili wa bibi mmoja wa Kombewa ulikuwa unatoka mochari saa nne, na watu wa kwao waliokuwa mjini walitakiwa wakutane langoni wausindikize. Nilipita soko la Kibuye, nikapanda Kondele, pikapu ikienda mwendo wa kobe, spika mbili zimefungwa juu ya paa. Nilisema kwa Kijaluo, kisha kwa Kiswahili. Wauza samaki waliacha kupigia wateja kelele mpaka nikamaliza, maana Kisumu tangazo la kifo halikatizwi na biashara.

Mimi ni mtu wa Kaloleni, mtaa wa papo hapo Kisumu, chotara wa kila kitu. Babu alikuja na watu wa pwani, nyanya alikuwa Mnubi, mama ni wa Mumias. Sina kijiji cha kurudi. Lakini Kijaluo nilikulia ndani yake, na kwa miaka kumi na moja mji uliijua sauti yangu kuliko uso wangu. Wazee waliniita wuodwa, kijana wetu, nami kichwa kikavimba. Nilikuwa na sharti moja: sitangazi nisichokiona kwa macho. Ukiniambia fulani amekufa, nakwenda mochari kwanza. Watu walinicheka, wakasema Juma huyu hata maiti huidai kitambulisho. Ndiyo sababu waliniamini.

Nyumba iliyopakana na yetu ilikuwa ya Mama Okoth, mjane aliyekuwa akikaanga mandazi. Okoth, mwanawe wa pekee, alikuwa rika langu na fundi wa redio. Amplifaya yangu isingefika mwaka bila mikono yake, na kila alipoitengeneza alinitukana kwa kuiacha ijae vumbi.

Jumanne mambo yaliharibika. Siku zile watu walikuwa wameanza kudai vyama vingi kwa sauti, na mkutano ukapigwa marufuku asubuhi, umati ukiwa umeshafika. Kufikia adhuhuri matairi yalikuwa yanaungua Kondele. Maduka ya Wahindi yalivunjwa milango, na wenyewe wakajifungia orofani na watoto wao, wakilipia mambo ambayo hawakuyaanza. Askari waliletwa kwa malori kutoka mbali. Walikuwa wakimsimamisha mtu na kumwuliza jina. Jina likianza na O, kama majina mengi ya Kijaluo, alipigwa.

Mimi Juma nilipita.

Okoth alikuwa ameonekana akiviringisha tairi. Simtetei; aliliviringisha. Jioni alipanda darini kwao, na Mama Okoth akamwambia mtu mmoja tu, mimi.

Jumatano maji yakakatika majumbani mwetu. Mfereji pekee uliobaki na maji ulikuwa ng'ambo ya uwanja wa mtaa, na askari walikuwa wamesimama katikati. Watoto walilia kiu mpaka wakachoka.

Ijumaa baada ya swala, inspekta mmoja wa mjini alinishika mkono nje ya msikiti. Tulikuwa tunaswali safu moja. Alikuwa amekula pilau ya mama yangu katika Idd mbili.

"Juma, mimi sipendi haya. Watangazie watu watoke wateke maji. Nawapa saa mbili."

"Na vijana?"

"Hata vijana. Mitungi atabeba nani? Wallahi, hakuna atakayeguswa."

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Nilimfikiria Okoth chini ya mabati, siku ya tatu, jua la Kisumu likimchoma mgongo. Maiti nilikuwa nakwenda kuithibitisha hata kama ni mwendo wa saa nzima. Nyuma ya shule, hatua mia mbili kutoka uwanjani, sikwenda kuangalia kulikuwa na nini.

Askari mmoja alikaa nami ndani ya pikapu. Nikawasha amplifaya.

"Tokeni mchukue maji. Hakuna atakayeguswa. Ni mimi, Juma."

Hayo maneno ya mwisho inspekta hakuniagiza. Niliyaongeza mwenyewe.

Milango ilifunguka mmoja mmoja. Walitoka wanawake, kisha watoto, kisha vijana. Mzee mmoja alinipungia kofia.

Nikamwona Okoth. Nywele zimejaa vumbi, mtungi kila mkono.

Malori yakatoka nyuma ya shule.

Nilipiga kelele kwenye mikrofoni: "Rudini! Rudini ndani!" Sauti ilitoka kinywani mwangu tu. Yule askari alikuwa amezima swichi.

Waliwatenga wanaume. Wakauliza majina.

Okoth akataja lake.

Mama Okoth alikimbia kuwafuata akisema, "Ni mtoto yangu! Huyu ni mtoto yangu!" Rungu halikusikia. Askari aliyekuwa nami alinigonga bega kirafiki, akaniambia nitulie, kazi nimeifanya vizuri.

Okoth alikufa hospitalini siku ya nne bila kufumbua macho. Waliandika kwamba alianguka kutoka kwenye lori.

Nilimfuata inspekta. "Amri ilitoka juu, Juma," alisema, akipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika. Wapo wanaosema naye alidanganywa. Huenda. Nimeomba dua miaka mingi nimsamehe, na ulimi husema lakini moyo unakataa.

Mtaani hakuna aliyenipiga. Ningefurahi wangenipiga. Walibadilisha neno moja tu: wuodwa ikawa jamwa, mtu wa kuja. Tena walilisema kwa upole. Spika niliziuza.

Mama Okoth hakuniomba nitangaze msiba. Alitembea mwenyewe nyumba kwa nyumba, na wakaenda kumzika kijijini kwao, Pap Onditi. Sikuthubutu kwenda.

Wiki ya sita alikuja kwetu asubuhi, akaketi mkekani. Nilianza kulia kabla hajasema.

"Mama, nisamehe."

"Wacha kwanza. Mimi sikuji kukulaani. Unajua Okoth alikataa kushuka?"

Nilitikisa kichwa.

"Alikataa. Aliniambia, mama, hawa watu ni waongo. Mimi nikamwambia, hiyo si polisi, hiyo ni Juma. Bado akakataa. Nikachukua fagio, nikamsukuma mguu nayo. Nikamwambia shuka, wewe ni mwanaume gani, unataka nibebe maji na hii mgongo?"

Akakunja ncha ya leso.

"Hii maneno sijaambia mtu. Watu ya kanisa siwezi. Nimeleta kwako, Juma, kwa sababu ni wewe peke yako unaweza kubeba hii mzigo upande ile ingine."

Nikamwambia nitaubeba. Mama Okoth ameshakufa, inspekta anakula pensheni yake kwao, na upande wa mama yule nao umebaki kwangu.