Kinyozi wa Ngazi za Mtoni

Kinyozi wa kwenye ngazi, pale mito inapokutana chini ya hekalu, hakuwa na mazoea ya kutazama watu usoni. Nachammal, aliyeuza ufuta wa matambiko hatua tatu kutoka kwake, alikuwa ameliona hilo kwa miaka tisa. Mfiwa aliyekuja kunyolewa kwa desturi ya msiba akishaketi kwenye jiwe, kinyozi alimlowesha nywele, akakiinamisha kichwa kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, ndipo akauliza kwa sauti ya chini, "Baba au mama?" Aliyefiwa na baba, alimnyoa kuanzia upande wa kulia; aliyefiwa na mama, kushoto. Hakuwahi kumkata mtu. "Iko siku utamnyoa mbuzi usijue," Nachammal alimtania asubuhi ile. "Mbuzi ana pembe, dada. Nitazigusa."

Mtu wa nane siku hiyo alifika akihema, miguu imejaa vumbi la safari, akaketi na kuinama mwenyewe. Kinyozi akamlowesha nywele. "Baba au mama?"

"Mama," akajibu yule mtu. "Mama yetu, kaka."

Kibaba cha ufuta kilimponyoka Nachammal, ufuta ukatapakaa ngazini. Ee mungu Siva! Wembe ulikuwa umesimama hewani. Kisha ukashuka upande wa kushoto, ukanyoa mpaka mwisho bila tone la damu. Kinyozi akamwosha mdogo wake kichwa, akampa wembe, akaketi yeye kwenye jiwe.

"Sijui kunyoa, kaka. Nitakukata."

"Nikate tu," akasema kinyozi, akainama.