Ikupa Anayepanga Heda za Mizani ya Chai

Mvua ya asubuhi inapiga bati la chumba cha kazi cha Ikupa Mwaisumo, mtaa wa Ibighi, mjini Tukuyu. Mezani kuna mizani ya kidijitali iliyofunguliwa mgongo na kompyuta mpakato. Anafuta mstari mmoja wa programu, anabonyeza kitufe cha kuijaribu. Kioo kinajaa makosa. Anatabasamu.

"Hili faili lilikuwa linaishi kwa kuazima," anasema. "Sasa limejulikana."

Ikupa (31) huandika, kwa lugha ya C, programu za mizani ambazo wakulima hupimia majani mabichi ya chai. Programu moja hugawanywa katika mafaili mengi. Heda ni faili fupi linalotangaza yale ambayo mafaili mengine yatayahitaji, na kila faili huanza kwa kuziita heda zake.

"Ni kama kupika msibani. Kila mama aje na kisu chake. Ukitegemea cha jirani, siku asipokuja utamenya ndizi kwa meno."

Hilo alijifunza mwaka jana, pale wakulima wa Ikuti walipoacha magunia mazito na kuanza kutumia mifuko myepesi ya wavu. Ikupa alibadili uzito wa kifungashio ambao mizani hukata ili yahesabiwe majani tu, akadhani kazi imekwisha.

Haikuisha. Mkulima Atupakisye aliona majani yake yanapungua kila akipima, akamshuku karani wa kituo cha kupimia, Lwitiko. Wengine wakaunga mkono.

"Watu waliacha kunisalimia," anakumbuka Lwitiko. "Hata kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi."

Ikupa alipoichunguza programu, aliyoirithi kwa fundi aliyehama, alikuta heda mbili zinataja uzito huo: moja wa gunia, nyingine wa wavu. Iliyoitwa kwanza ndiyo iliyoshinda, na ya gunia ilitangulia. Mizani iliendelea kukata gunia ambalo halikuwepo.

Alipanda Ikuti, akawaambia wakulima wazi kwamba karani hana kosa. Kisha akarudi kupanga upya. Uzito ukabaki katika heda moja tu. Kila heda ikaita yenyewe inachohitaji, ili mpangilio wa kuziita usiamue tena haki ya mtu.

Siku ya kupima upya, Atupakisye alisoma kioo, akapima tena kwa mizani ya dukani. Zikalingana. Alimgeukia Lwitiko.

"Baba, nilikukosea. Nisamehe."

"Yameisha, mama. Leta mfuko mwingine."

Wakulima walilipwa pungufu lao, na Ikupa anasema tangu hapo hulala vizuri.

Sasa anaandaa mizani itakayotamka uzito kwa Kinyakyusa, kwa ajili ya wazee wasioona vizuri tarakimu. Heda ya kwanza, ya majina ya namba, tayari ameifungua. Mama yake ndiye atakayerekodiwa sauti.

"Kinyakyusa changu kina matobo," anasema akicheka. "Mama amekubali, ila kwa sharti moja: mizani imsalimie mtu kwanza, ndipo imtajie kilo zake."