Gia ya Wabeba Mkaa

Jumanne nilikuwa dukani Ikwiriri nikinunua balbu, akaingia binti mwenye ushungi akaomba gia ya nyuma ya baiskeli. Jumamosi, alisema, anashindana kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, na njia ya baiskeli ni milima mitupu.

Mwenye duka, mzee wa Kihindi, akamwekea ndogo mezani. "Hii ndiyo ya mbio, mwanangu."

"Nipe ile kubwa, babu, yenye meno mengi. Ya wabeba mkaa."

Mteja mmoja akacheka. "Dada, hiyo ya magunia!"

Binti akainua kiganja, akakiinamisha kama mlima. "Kaka, mpunga wa bondeni naupandisha mlimani Nyamwage kwa baiskeli tangu nasoma. Kwenye tambarare kila mtu ana mbio. Mlimani, wenye gia ndogo nawapita wameshuka wanasukuma."

Mimi ni mmoja wa hao wanaosukuma, nikajifanya nakagua balbu. Yule aliyecheka ndiye aliyeomba spana, akatoka nje kumfungia ile gia kubwa kwenye baiskeli yake.

Tulimuuliza kila kitu kuhusu mashindano yake, ila hakuna aliyemuuliza kama anajua kuogelea. Mtoto wa Mto Rufiji haulizwi hilo.