Nyavu za Mama Émilienne na moto wa Ilambo

Paja la kuume la Mama Émilienne liling'aa kama kiti cha mbao kilichokaliwa na watu wengi. Juu ya paja hilo alivingirisha kamba tangu usichana wake, na vinyweleo havikuota tena pale. Wanawake walimtania mtoni:

"Bwana yako alioa paja, hakuoa bibi."

"Na ile nyama munakulaka, munafikiri inatoka ku mukuki ya bwana zenu? Inatoka ku hii paja."

Alisema kweli. Mimi niliolewa katika kijiji kile mwaka wa 53, kule juu, kwenye njia ya kutoka Baraka kupanda Fizi, na mlango wangu ulitazamana na wake. Kwa hiyo ninayoandika niliyaona kwa macho yangu. Kwetu Ubembe mwanaume alijisifu kwa mikuki na mbwa wake, lakini mwanaume bila wavu alikuwa mtembeaji tu porini. Na nyavu za kijiji chetu zote zilitoka mkononi mwa Émilienne. Ujuzi huo alifundishwa na mama mkwe wake, na mama mkwe alikuwa amekwisha kufa.

Kamba yake ilikuwa ya mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na ukiukata unatoa maji mekundu ambayo nguo haiyaachi tena. Aliambua gome, akalianika, akalichana nyuzi nyembamba, halafu akazisokota pajani. Mmea huo aliukata mahali pamoja tu, kwenye bonde dogo ndani ya msitu wa Ilambo, upande wa kilima chetu.

Mume wake, Anatole, alikufa kwa ugonjwa wa kifua mwaka wa 55. Mtoto wao pekee surua ilikuwa imemchukua zamani. Matanga yalipoisha, ukoo ulikaa kikao, maana mjane bila mtoto hawezi kuachwa hivi hivi kama nyumba isiyo na mlango. Desturi ilisema aingie kwa Raphaël, mdogo wa marehemu, ambaye alikuwa na mke tayari, Godelieve. Mzee Alphonse, baba mdogo wa Raphaël, ndiye aliyeongoza maneno.

Émilienne aliomba kusema. "Baba, Raphaël ni mutu muzuri. Mi simukatai kwa ubaya wake. Lakini niko na nyumba yangu, na niko na kazi yangu. Muniache hapa nikae na mikono yangu."

Mzee Alphonse akakata neno: Émilienne akae nyumbani kwake maadamu nyavu zake zinamlisha. Siku atakayonyoosha mkono kuomba chakula kwa ukoo, siku hiyo ataingia kwa Raphaël bila kikao kingine. Watu wakaitika. Godelieve, aliyekaa karibu na mimi, alishusha pumzi mpaka nikaisikia.

Sasa sikilizeni habari ya moto.

Mwisho wa kiangazi wanaume walikwenda kuwinda na moto. Nyavu zilifungwa kwenye mpaka wa msitu, watu wakasimama nyuma yake na fimbo na mikuki. Huko chini mmoja aliwasha nyasi. Moto ulipanda, wanyama wakakimbia mbele yake kutafuta kivuli, wakaingia nyavuni. Moto wenyewe ulipofika kwenye msitu ulikufa, kwa sababu chini ya miti mikubwa majani yana maji na hewa ni nzito. Watu walikuwa na msemo wao: moto wa nyasi hulala mlangoni mwa Ilambo. Baba zao waliuona ukilala, na babu zao pia.

Lakini mwaka wa 56 Raphaël alikuwa amekata shamba jipya kwenye mpaka ule ule, ndani kidogo, ambapo udongo ni mweusi. Miti ilikuwa imelala chini tangu mwanzo wa kiangazi, mikavu, ikingoja kuchomwa mvua ikikaribia. Kila mtu aliiona. Waliofunga nyavu waliruka juu ya magogo yake. Hakuna aliyesema kitu, na hawakuwa wajinga. Kwetu moto wa kuwinda ni wa wawindaji, na moto wa shamba ni wa mwenye shamba. Kila moto una mwenyewe wake na siku yake. Raphaël alikuwa bado hajaupangia ule wa shamba siku, basi katika mawazo ya watu moto huo haukuwepo.

Mchana upepo wa ziwa, lile lililo chini huko Baraka, ukapanda. Moto ulifika kwenye magogo ya Raphaël, na haukulala. Wanaume waliacha nyavu wakakimbia na mbwa wao. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Nyavu ziliungua zote, isipokuwa chache zilizobaki nyumbani kwa kushonwa. Moto uliingia Ilambo polepole, ukila majani makavu ya chini na kupanda kwenye mimea inayotambaa mitini. Ulitambaa humo siku kadhaa mpaka ukafika bondeni.

Mi nilikwenda kutazama pamoja na wengine. Mwewe walikuwa wengi juu ya moshi, wakishuka kuokota panzi na mijusi. Kwao ile ilikuwa sikukuu. Miti mikubwa ilisimama bado, lakini magome yake yalipasuka chini, na mingine ilianguka baadaye, mvua iliponyesha, bila mtu kuigusa. Nyani walihamia upande wa pili wa mlima. Hata wale ndege wenye midomo mikubwa, ambao mabawa yao yanalia kama mtu anayepunga mkeka, hatukuwasikia tena.

Raphaël alikuja mlangoni kwa Émilienne, kofia mkononi.

"Shemeji, naapa, sikufikiri."

"Najua haukufikiri. Na mimi nasema vile vile."

"Batu banasema nilifanya kusudi uingie kwangu."

"Batu!" Akacheka kidogo. "We ungekuwa na akili ya kupanga vile, ningekukubali tangu mwanzo. Kaa, ukule."

Lakini alipokwenda, nilimwona Émilienne akikaa na mikono juu ya magoti, haina kazi. Nilikuwa sijaiona hivyo hata siku moja.

Mvua ilikuja. Kwenye majivu nyasi zikaota laini, za kijani kabisa. Swala wa msituni, wale wadogo wanaopenda giza, walikuwa wamekwenda, na nguruwe-pori pia. Badala yao wakaja ndezi, yule panya mkubwa anayekata majani kwa meno, nyama yake tamu kushinda kuku. Walijaa. Usiku walikula mihogo ya watu, na mchana walilala ndani ya majani marefu.

Émilienne akachukua nyavu kuukuu zilizobaki, akazifumua uzi kwa uzi. Uzi huo akaufunga upya na macho madogo, kipimo cha vidole viwili, wavu mfupi ambao mwanamke anaweza kuubeba kichwani na kuutega pembeni mwa shamba lake. Wanaume walicheka. "Émilienne sasa anawinda panya." Lakini wake zao walikuja kuzichukua, mimi nikiwa wa kwanza, na kila aliyenasa alimletea mguu wa nyama au kikapu cha unga. Mwaka ule hakuomba chakula kwa mtu. Ni moto ule ule uliomnyima swala na kumpa ndezi, na yeye alibadilisha macho ya wavu tu.

Lakini uzi kuukuu ni uzi kuukuu. Kiangazi cha 57 nyavu zile zilianza kukatika, na ndezi si mnyama wa kungoja. Chakula kikapungua nyumbani kwake. Niliona moshi wake unachelewa jioni, na asubuhi nyingine haukupanda kabisa. Nilimpelekea sombe, majani ya mihogo yaliyopikwa, akarudisha bakuli na sombe ndani yake.

"Ukinipa leo, kesho batasema ukoo unanilisha. Jacques bwana yako ni wa ukoo. Urudishe, binti yangu. Si kiburi."

Kilikuwa kiburi, na mi nilikipenda.

Siku ile alikwenda Ilambo peke yake. Aliporudi aliniambia alichokiona. Mahali palipoungua sana pamejaa vichaka, na ndege wanaokula matunda wameacha mbegu chini ya kila mti mkavu. Bondeni, mahali pa kamba yake, majivu yalikuwa yameoshwa na mvua, na ardhi ilikuwa wazi. Hapo akaona kitu ambacho majani yalikuwa yamekificha miaka yote: vigae vya vyungu, jiwe la kusagia, na mawe ya mafiga bado yamepangwa.

"Palikuwa muji," aliniambia. "Unasikia? Batu balikaa pale, balikata miti, balichoma. Halafu balikwenda. Na kamba ikaota nyuma yao. Siku zote nilifikiri ile kamba ni ya musitu wa zamani. Hapana. Ni ya mahali penye kidonda, wakati kidonda kinapona."

"Basi itarudi?"

"Itarudi kama hakuna mutu atalima pale."

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Raphaël alikuwa amekwisha kupima bonde lile kwa kupanda mihogo mvua ikianza, maana udongo uliokula majivu una mbolea, na watoto wake walikuwa wengi. Kikao kikaitwa. Mzee Alphonse aliuliza kama Émilienne bado anajilisha. Akajibu kwamba anajilisha vibaya. Halafu akawaeleza habari ya mafiga, akaomba bonde liachwe msimu mmoja wa mvua.

Raphaël aliinamisha kichwa. "Shemeji, unataka niache udongo muzuri vile. Na kamba isipoota?"

"Nitaingia kwako kabla ya kiangazi kurudi, na kikao hakiitwe tena. Nitakupikia bugali, na utajua namna ninapikaka vibaya."

Watu walicheka, hata mzee. Raphaël hakucheka. Alimtazama Godelieve, mkewe, aliyekaa na wanawake. Godelieve alisema kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia: "Mihogo tutapanda kule chini, baba ya batoto. Mi nitalima." Mwanamke yule hakuwa mpenzi wa jembe, kila mtu alijua. Raphaël akasema, "Ninaacha bonde."

Mvua ilinyesha vizuri. Émilienne alijizuia kwenda, aliogopa, mpaka majani ya mahindi yakafika kiunoni. Kisha akaniita twende pamoja. Vichaka vilikuwa vimetupita urefu, na ndani yake, juu ya matawi ya miti michanga, majani yale ya ulimi wa paka yalikuwa yamepanda kila mahali, mengi kuliko zamani, yakitafuta jua. Alikata moja. Maji mekundu yakamtiririka mkononi. Alikata nyingine, na nyingine, nami nikafunga mzigo.

Wavu wa kwanza ulikwenda kwa Raphaël, yeye mwenyewe alikuja kuuomba. Kikao cha habari ile hakikuitwa tena, na Émilienne alikaa nyumbani kwake mpaka uzee.

Kamba haikubaki nyingi. Miti michanga ilikua, kivuli kikarudi bondeni, nyani wakarudi, na mmea ule ukaanza kukonda kama mtu aliyehamiwa na jirani mkubwa. Émilienne hakushtuka. Mwanzo wa kiangazi kimoja, mwaka wa 62 nafikiri, Raphaël alipotaka kukata shamba jipya, alipita kwanza mlangoni kwake na shoka begani.

"Mama ya nyavu, nikate wapi?"

Wakapanda pamoja mpaka kwenye mpaka wa Ilambo. Nilikuwa nyuma yao na kuni zangu. Akamwonyesha kipande kidogo, mbali na nyasi.

"Hapa. Ukishavuna mara mbili, uniachie, kamba iote. Na magogo uyachome kwanza, mbele ya siku ya kuwinda, siyo nyuma yake."

Raphaël akatema mate kwenye viganja, akaanza na mti mdogo.