Tisheti ya George Obonyo

Rosebella Apondi hakuwa na mzaha na nguo ya mtu. Kwa miaka mingi aliwafulia watu wa mtaa wa West Indies, na tisheti yoyote yenye picha aliigeuza ndani nje kabla haijagusa maji. Maji baridi, sabuni kidogo, kivulini, pasi upande wa ndani, kisha aliikunja hivyo hivyo. Mimi jirani yake, tulitumia kamba moja ya kuanikia hapo mtaani Huruma. Ukianika yako picha ikitazama jua, alikuja kuigeuza bila hodi, na tuligombana mno kwa ajili hiyo. Kila nguo aliitia uzi mwekundu kwenye ukosi isichanganyike na nyingine, hata za mumewe.

Mumewe, George Obonyo, alikuwa fundi wa baiskeli. Januari 2008, nyumba zikichomwa baada ya uchaguzi, yeye na mdogo wake Otiende walitoka alfajiri kwa barabara ya Timboroa kututafutia lori la kuhama. George alichukua tisheti ya juu kwenye rundo. Ilikuwa ya kampeni, yenye uso wa mgombea, nayo imekunjwa ndani nje. Alikuwa na haraka, akaivaa jinsi ilivyo.

Kwenye kizuizi, vijana waliofunga barabara waliona kivuli cha uso kupitia kitambaa. Otiende, aliyekuwa nyuma kidogo, alisikia wakiuliza, "Huyu unaficha ni nani?" Akakimbia. George hakuonekana tena, wala mwili wake.

Kwao Waluo, mtu akipotea hivyo, tunda la yago huzikwa badala yake, ili apokewe na wenzake waliotangulia na mjane apumzike. Otiende alikuja kila Desemba kumsihi akubali. Kila Desemba Rosebella alimjibu, "Shemeji, George akirudi akute kaburi lake, nitamwambia nini?" Mimi niliona ni ukaidi mtupu. Nashukuru sikumwambia.

Mwaka wa kumi alichukua nguo za mteja wake Mama Maximilla kule West Indies, nane, wakizihesabu pamoja mlangoni. Kwenye beseni zikawa tisa. Ya tisa ilikuwa ndani nje, na ukosini ina uzi mwekundu.

Aliniita. Mimi siamini majini, naamini sabuni. Lakini niliona ule uso wa mgombea ukiwa na rangi kali kama siku tulipogawiwa. Maji ya kwanza yalitoka na udongo na harufu ya moshi. Ya saba pia.

"Hii si yetu," Mama Maximilla alisema alipopelekewa. "Sisi hapa hatuvai siasa, Mama Rosebella."

Rosebella akarudi nayo, akaianika picha ikiwa nje. Sijawahi kumwona akifanya hivyo. "Wamwone vizuri," akasema. "Asiseme mtu anaficha."

Tulikaa uani tukichambua mboga. Kufika saa sita mchana tisheti ilikuwa ndani nje, vibanio viko palepale. Akaigeuza. Ikageuka. Siku ya tatu akaniambia, "Gusa kwapa."

Nguo ilikuwa imekauka tangu juzi. Kwapa zilikuwa na joto na jasho, kama za mtu aliyesimama sasa hivi kutoka kukimbia. Niliingia kwangu nikafunga mlango, nikalia kwa woga na kwa huruma.

Jioni hiyo Rosebella alimpigia Otiende simu. "Shemeji, tafuta hilo tunda."

Tulimzika kwao Ugenya. Rosebella alilifunga yago kwa ile tisheti, picha juu, mbele ya macho yetu. Akapiga magoti. "George, ni mimi niliyeikunja hivyo. Wewe hukuficha kitu. Nisamehe."

Otiende alipoinama kuliteremsha, picha ilikuwa imegeukia ndani. Akasita, akanyoosha mkono airekebishe.

"Wacha," Rosebella akamwambia. "Ndivyo alivyotoka nyumbani."

Siku hizi anaanika tisheti za watu picha zikitazama jua. Zinapauka, wateja wanalalamika, wengine wamemhama. Nimeshika mojawapo mara moja tu nikitaka kuigeuza, nikakumbuka, nikaiacha.