Nilivyomfumia mama sweta la misuko kwa vijiti vya mwanzi na mpini wa mswaki

Wakuu, amahoro!

Naandika kutoka Rumonge, vidole vinauma lakini moyo unaruka. Yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Kazi yangu ni kushona nyavu hapa ufukweni mwa ziwa. Huku ni joto tupu, sweta la nini? Ila dada yangu ameolewa kule juu Mugamba, kwenye baridi ya kung'ata mifupa, na amejifungua mtoto wake wa kwanza.

Mama anatamani kumshika mjukuu. Shida ni kifua chake. Safari iliyopita alipanda na shali tu, akarudi anakohoa mpaka tukaogopa. Akaapa hapandi tena bila nguo nzito.

Sokoni nikapata sweta moja tu la maana, la mtumba, sufu nzuri ila mgongo umetoboka. Nikasema hili nalifumua, nafuma upya, tena kwa ile misuko minene kama nywele zilizosukwa. Niliiona kwenye video, nikaipenda vibaya mno!

Sindano nikachonga za mwanzi. Ili msuko utokee, vitanzi vingine vinaruka mbele ya vingine, kwa hiyo unahitaji kijiti cha pembeni cha kuvishikilia. Nikakata mpini wa mswaki, nikausugua kwenye jiwe. Kitu kinateleza balaa!

Wenzangu wa nyavu wakanicheka: "We fundi, uko unashika samaki gani na hiyo?"

Nikawapuuza.

Sasa sikieni kosa. Sisi jicho la wavu tunalipima likiwa limevutwa. Nami nikafuma kipande cha majaribio, nikakivuta weee, nikapima, nikapangia sweta zima kwa kipimo hicho. Kumbe sufu ukiiachia inarudi, na misuko nayo inakula upana.

Nikamvisha mama. Likagoma kifuani.

"Mwanangu, iko inanibana, siwezi hata kupumua." Akalivua, akalikunja taratibu. "Acha tu. Mutoto nitamuona kwa picha."

Wakuu, roho iliniuma.

Na uzi ulikuwa umekwisha. Nikawaeleza wale wale walionicheka. Kesho yake wananiletea kofia zao kuukuu za sufu, zile wanazovaa ziwani usiku! Nyekundu, njano, moja ya kijani inanuka ndagala, vile vidagaa vyetu vya ziwani. Nikazifua, nikazifumua, nikafuma vipande viwili vinavyovutika, nikaviunga ubavuni kuanzia kwapani hadi chini.

Safari hii likaingia, na nafasi ikabaki. Mama akajigeuza mbele ya kioo kama bi harusi. Akapanda gari.

Jana dada kanipigia video. Mama kakaa barazani, ukungu nyuma yake, tumbo limemtoka. Nikashtuka. Akavuta shingo ya sweta chini, kakichwa kakachungulia. Mjukuu yumo ndani, kalala fofofo!

"Iko inatutosha sisi wawili. Murakoze sana, mwanangu."

Nililia mbele ya washona nyavu wote, na sioni aibu.

Nilichojifunza: sufu ipimwe ikiwa imelala, na ukitaka misuko ongeza vitanzi. Na anayekucheka mweleze shida yako, huenda ana kofia.

Wafumaji mliomo humu, karibuni mnikosoe. Ila kwanza nijibuni hili: mtoto anakua haraka, hilo sweta litawatosha wawili mpaka lini?